Mashua Mbili na Lango la Section 58

Kutoka langoni kwa mjomba wangu hapa Section 58, Nakuru, hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Ziwa lililo karibu ni la magadi, tena limo ndani ya mbuga; anayeruhusiwa kuelea humo bila kuulizwa ni heroe peke yake. Mjomba aliambiwa haya yote. Akajibu kwamba Ziwa Naivasha ni hapo tu, unapanda matatu, unapita Gilgil, umefika.

Alifanya kazi ya serikali Lamu miaka mingi, akarudi bara na kofia ya kudariziwa na ugonjwa wa matanga. Wastaafu wenzake waligeuza kiinua mgongo kuwa ng'ombe wa maziwa au vyumba vya kupangisha. Yeye alitaka mashua, na isiwe ya injini. Majirani wakaanza kumwita Nuhu. Kwa watu walioona Ziwa Nakuru likipanda hadi likameza lango kuu la mbuga na ofisi zake, nadhani walicheka mapema mno.

Mkewe hakupinga. Aliuliza tu, "Itakuwa inalala wapi?" Kisha akachukua tepu, akapima lango, akaenda zake jikoni bila kutuambia amepata ngapi.

Mashua zilizokuwa zikiuzwa Naivasha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya faiba, yenye mlingoti wa alumini, imekaa juu ya trela chini ya mgunga kando ya Moi South Lake Road. Ya pili ilikuwa ya mbao, ya aina ile ya Ziwa Victoria yenye tanga la pembe tatu, iliyoletwa kwa lori kutoka upande wa Kisumu na kuanikwa ufuoni Karagita.

"Mzee, hii haijaguswa," alisema muuzaji wa faiba. Ndege waliotaga chini ya kiti walikuwa mashahidi wake. Mjomba akatoa sarafu, akaanza kugonga sakafu ya mashua pole pole kama daktari anayesikiliza kifua. Faiba nzima hulia ko-ko. Iliyoingiwa na maji kati ya tabaka zake hutoa sauti ya mkate. Mbele tulisikia ko-ko. Nyuma tulisikia mkate. Kisha akashika tanga. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku juu halina huruma na kitambaa. Uzi wa mshono ndio hufa kwanza. Mjomba akabonyeza mshono kwa kidole gumba, kidole kikatokea upande wa pili.

"Hapo ni pa hewa," muuzaji akaeleza.

Tulikwenda majini asubuhi kwa sababu muuzaji alishikilia kwamba asubuhi ziwa huwa limetulia. Kweli lilitulia, maana upepo wa Naivasha hupenda kuamka baada ya adhuhuri. Tukakaa katikati ya maji, tanga limelala, jua linatupika, na kundi la viboko karibu na mafunjo linatutazama. Wavuvi walipita wakipiga makasia, wakauliza kama tumeishiwa na petroli.

"Upepo," mjomba akajibu kwa heshima zake zote. "Tumeishiwa na upepo."

Upepo ulipokuja, ulikuja bila kubisha hodi. Ile boriti inayoshika tanga kwa chini iliruka kutoka kulia hadi kushoto. Mimi niliinama. Mjomba pia aliinama, ila kofia ya Lamu haikuinama. Ilielea taratibu kuelekea kwa viboko, na katika mashua nzima hakuna aliyependekeza tuifuate.

Ya mbao ilianza kuvuja kabla hatujavua viatu. "Inakunywa tu," mwenyewe akatutuliza. "Ipe siku kadhaa, itashiba." Hapa sharti nimtetee, kwa maana mbao zilizoanikwa hunywea na kuacha nyufa, na zikirudi majini huvimba nyufa zikajifunga. Tatizo ni kwamba mwenye mashua iliyooza naye husema maneno hayo hayo, kwa uso ule ule. Na maji baridi huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi ambayo mjomba aliyazoea Lamu. Akachomoa bisibisi, akaichoma mbao moja baada ya nyingine, hasa kando ya misumari. Bisibisi ilizama kwenye ubao mmoja wa tezini, mahali pengine ikagoma.

Basi tukatweka tanga, mimi nikapewa mtungi wa lita tano uliokatwa mdomo na kuteuliwa kuwa idara ya maji. Nilichota, ziwa likarudisha, nikachota. Nyuma yangu mjomba, kichwa wazi, alishika usukani akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu astaafu.

Jioni tulipiga hesabu sebuleni. Kwenye karatasi faiba ilishinda: nyepesi, haivuji, ina trela. Mkewe akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hiyo ya trela itakaa hapa?" Itakaa hapa, ndiyo, juu ya sukuma wiki. "Na ya mbao?" Mjomba akaeleza kwamba ya mbao haiwezi kuletwa nyumbani, kwa kuwa ikikauka inavuja, lazima ibaki Naivasha, majini, wakati wote.

"Nunueni ya mbao," akasema. Hapo ndipo alipotutajia upana wa lango, na trela isingepita.

Ubao wa tezini umeshabadilishwa, majaketi ya kuokolea maisha yamenunuliwa, na sasa anangojewa mkaguzi wa Kenya Maritime Authority. Ile ya faiba bado inauzwa. Ukienda kuitazama, nenda saa nane mchana upepo ukiwepo, chukua sarafu yako, na usikubali kuambiwa kwamba hapo ni pa hewa.