Masanja wa Nani?

Jina langu ni Masanja, nililirithi kwa babu, naye kwa babu yake, zama ambazo Usukumani, tangu mbuga za Shinyanga hata vilima vya Geita, mtu aliyeita "Masanja!" sokoni aligeukiwa na vichwa saba, na hapana hata kimoja kilichocheka. Walakini katika miaka ya 2000 alitokea kijana mwenye kipaji, Emmanuel Mgaya, ambaye jina la ukoo wake lanukia Nyanda za Juu Kusini kuliko kwetu, akajivika jukwaani jina la Masanja Mkandamizaji, akalichekesha taifa katika Ze Comedy, na baadaye katika kundi lililojiita Orijino Komedi; na tangu hapo mimi niliyerithi nimekuwa nakala, na yeye aliyeazima ndiye orijino. Sina neno naye hata chembe; kesi yangu ni na wasikilizaji.

Jirani zangu wawili pacha, Kulwa na Doto, hawaijui adha hii. Majina yao yaliingia kitabuni mwaka 1960, Muhammad Saleh Farsy wa Unguja alipotoa *Kurwa na Doto*, nao hutembea kama waliotungiwa wao, ingawa hapana aliyekisoma. Na mwigizaji Kulwa Kikumba, umma umemzoea kwa jina la Dude, akawaachia akina Kulwa wote amani yao. Huyo alitoka katika jina lake. Mwenzake aliingia katika langu, akanikuta nimo ndani.

Basi mwaka juzi nilialikwa Rwamgasa, huko Geita, nitoe nasaha katika arusi ya mpwa wangu. Kamati, kwa wema wala si kwa hila, ilitangaza kwamba Masanja atazungumza, na habari ikashuka hata ndani ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Nilipowasili nikakuta wachimbaji wamepanda juu na tope lao la magotini, wenye makarasha wamezima mashine, na akina mama wa mialoni wameacha kuosha mchanga, wote wakinitazama kinywani.

Nikasimama kwa taadhima, nikawaamkia "Wangaluka", wakacheka. Nikasema ndoa ni amana, wakaangua kicheko. Nikamwasa bwana arusi asikope kwa kutumainia mawe ambayo hayajatoka duarani, jambo ambalo, Mungu shahidi, nililisema kwa uchungu wa aliyewahi kulifanya; hapo mtu mmoja akaanguka pamoja na kiti. Kadiri nilivyokunja uso, ndivyo walivyonong'onezana kwamba leo kaja na mtindo mpya.

Nikatunzwa shilingi 38,000, ambazo, insafu yanilazimu kukiri, sikumrudishia mtu, na jiwe ambalo mwenyewe aliapa lina dhahabu. Nililipeleka karashani. Likatoa unga.

Jioni alinijia mzee mwenye fimbo, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja, akaniuliza kama waulizavyo wazee wa kwetu, "Wewe, bwana, Masanja wa nani?" Moyo wangu ukatulia. Nikamtajia baba, na babu, na baba wa babu, hata kizazi cha nne. Akasikiliza kwa adabu, akihesabu kwa vidole, kisha akaniinamia sikioni, akauliza katika hao ni yupi aliyekuwa Mkandamizaji.