Nati ya Phoenix na Kuku wa Mama

Gurudumu la nyuma lilikuwa limelala. Aliyegundua ni Mama Zuhura, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndoo ya vitumbua imeshafungwa kwenye karia. Sauti yake ilinifikia kitandani: "Baba Zuhura, baiskeli haina upepo." Alilisema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba wa jamaa wa mbali.

Kwa asiyeijua Tanga, niseme tu kwamba kwetu Ngamiani baiskeli ni mtu wa nyumbani. Yetu ni Phoenix nyeusi, ya Shanghai, aliyoiacha marehemu baba pamoja na deni la duka na saa ya ukutani isiyotembea. Asubuhi inabeba vitumbua, kisha inanipeleka shuleni ninakofundisha historia, jioni inarudi na unga. Siku ikigoma, nyumba nzima imegoma.

"Ni upepo tu," nikasema, nikapampu. Pampu ilikuwa nzito ajabu, nami nikaichukulia hiyo kuwa dalili ya afya. Nikaenda kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, tairi limeshakaa chini tena.

Hapo ndipo ningepaswa kwenda kwa fundi. Yupo, chini ya mkungu, hatua mia mbili hivi kutoka kwetu. Lakini ilikuwa Jumamosi, majirani wameshaanza kufagia nyua zao, na mwalimu mzima kusukuma baiskeli mbele ya wanafunzi wake kwa sababu ya upepo si jambo dogo. Mama Zuhura akafungua ndoo, akajitwika, akaondoka kwa miguu. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningejua pa kuanzia kujitetea.

Nikaipindua baiskeli magurudumu juu. Nikang'oa tairi kwa vijiko viwili vya wali, kimoja hakijanyooka mpaka leo, nikatoa tyubu na kuizamisha kwenye beseni. Beseni lenyewe ni la kuumulia unga wa vitumbua. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye, kwa kirefu. Nikaizungusha tyubu majini nikingoja mapovu. Kimya. Nikaizungusha tena. Mama alikuwa barazani akichambua mchele.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "tazama valvu."

Nikamjibu kwa adabu kwamba valvu hutazamwa mwisho. Sijui niliyasoma wapi hayo. Jambo ambalo sikuliona ni kwamba tyubu nilikuwa nimeishika kwa shingo ya valvu, juu ya maji, kama mtu aliyeshika samaki mkia. Palipokuwa pakivuja ndipo pekee pasipolowa.

Valvu ya Phoenix ni ile ya kizamani. Kwenye tyubu imeota shingo ya chuma. Ndani ya shingo hukaa kijichuma chenye tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo huvishwa kijipira chembamba, mithili ya soksi. Ukipampu, upepo unakitunisha kijipira na kupenya. Ukiacha, upepo wa ndani unakibana kijipira juu ya tundu, mlango umefungwa. Kisha nati ya duara inakaza yote kwa juu. Hakuna springi wala utaalamu mwingine. Yetu nilipoifungua hatimaye, kijipira kilikuwa kimegeuka ulimbo: nusu imegandia kwenye chuma, nusu imepasuka kwa urefu, tundu liko wazi kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Sehemu ya lawama ni ya jua. Sehemu kubwa ni yangu, maana kila mwezi nilikuwa nikidondoshea humo mafuta ya cherehani ili palainike. Mafuta na mpira havikai nyumba moja.

Mpwa wangu Rashidi akatoka uani, mswaki mdomoni. Nikaona nafasi ya kufundisha. Nikamweleza kwamba valvu hii watu huiita ya Dunlop, ingawa aliyeibuni ni Woods. Kwamba Dunlop alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, na mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kumtengenezea mwanawe magurudumu ya baiskeli yake ya miguu mitatu. Na kwamba baadaye hataza hiyo ilibatilishwa, kwa kuwa Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alishaandikisha wazo hilohilo tangu 1845.

"Na huyo mtoto wa Dunlop," Mama akauliza, "mama yake alitembea kwa miguu kwenda kuuza vitumbua?"

Nikaamua kumfuata mke wangu kwa baiskeli ya Rashidi. Ni ya mtumba, ya gia, tairi zake nyembamba, na valvu zake ni zile za Kifaransa, nyembamba kama kalamu, zenye kijinati kidogo kwenye ncha. Ilikuwa imepungua upepo. Nikasukumiza mdomo wa pampu, ukakataa. Nikausukumiza kwa nguvu zaidi, nikaupindisha kidogo kuusaidia. Kikasikika kitu: tik. Kile kijisindano cha ncha kikapinda, kikakwama ndani, na upepo wote wa Rashidi ukatoka kwa mluzi mmoja mrefu.

"Mjomba," akasema, mswaki ungali mdomoni, "ile kwanza unailegeza."

Saa tatu asubuhi, baiskeli mbili chini. Nikamtuma Zuhura dukani akanunue valvu. Akarudi na ya pikipiki, ile yenye springi, inayotumika pia kwenye magari. Muuza duka alimuuliza ni valvu ya nini, naye akajibu, "Ya Baba." Nikaijaribu hata hivyo. Haikushika popote, kwa sababu shingo ya Phoenix haina nyuzi kwa ndani za kuikaza.

Mama akaweka ungo kando, akaingia ndani, akatoka na kopo lake. Kopo lile lina vifungo, sindano, funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, na fundo la kitambaa ambalo sikuwahi kuliona likifunguliwa. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vijipira vya valvu, saba au nane, ambavyo baba alivikata mwenyewe kutoka kwenye mpira mmoja mrefu, kila kimoja sawa na mwenzake. Nikachukua cha kwanza, kikavunjika kama tambi mbichi. Cha pili pia. Mama akanizuia mkono nilipogusa cha tatu. Akafunga fundo lake, akarudisha kopo ndani, na kwa muda hakunitania.

Nikakata kipande cha puto la Zuhura, nikakiviringisha kwenye tundu, nikakifunga kwa uzi. Kilipendeza. Nikakitia shingoni, nikanyoosha mkono kuchukua nati. Haipo.

Tulipekua mchanga wote wa ua. Kisha Zuhura, ambaye ana kipaji cha ushahidi, akasema amemwona kuku wa Bibi akidonoa kitu kinachong'aa. Sote tukageuka. Kuku alikuwa chini ya mpapai, anatutazama kwa jicho moja.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikachukua uzi mwingine, nikaifunga ile valvu kwenye shingo mizunguko kama ishirini, nikamwambia Rashidi apampu. Kazi ya nati niliielewa baada ya hapo: ndiyo inayomshikilia mlinzi asifukuzwe na mali anayoilinda. Tairi lilipoanza kuwa gumu, valvu iliruka. Ikagonga bati, ikabingirika, ikaingia kwenye mfereji wa paa. Ilitubidi kuazima ngazi kwa jirani, na pamoja na ngazi akaja jirani mwenyewe, mkewe, na wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita. Aibu niliyoikwepa kwa fundi ikanifuata nyumbani na kukaribishwa kiti.

Kuhusu kuku, mashauriano yalichukua karibu saa nzima. Mama alisema kuku anataga. Mimi nikasema nati ya Phoenix haipatikani (inapatikana kila mahali). Jirani, ambaye hakuulizwa, akasema kuku aliyemeza chuma hafiki mbali. Hilo ndilo lililoamua. Firigisi nikaipasua mwenyewe, kama baba mwenye nyumba. Mlikuwa na mahindi, kokoto na ushanga mmoja mwekundu, ambao Mama aliutambua, akauchukua, akauosha, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Nati haikuwamo.

Mama Zuhura alirudi adhuhuri na ndoo tupu. Akaona baiskeli mbili zimelala, manyoya chini ya mpapai, beseni lake lina mchanga. Akafungua pindo la khanga. Alikuwa amepitia kwa fundi: valvu nzima, nati yake, kifuniko chake, na vijipira viwili vya akiba. Bei yake haikufika ya vitumbua viwili.

Akachuchumaa. Akakilowesha kijipira kwa mate, kisichanike, akakivuta mpaka kikapita tundu na kufika begani mwa kijichuma. Akakitia, akakaza nati kwa vidole, akapampu. Kisha akapaka tone la mate juu ya valvu, akaliangalia. Halikutoa povu hata moja. Akasimama, akanawa mikono, akauliza kama kuku ametiwa tangawizi.

Vijipira vya akiba akavifunga tena pindoni. Niliomba anipe kimoja nikitunze. Akacheka.

Jumatano alikuwa akifua. Nilikuwa nimeketi na Mama kwenye mkeka, tunasubiri chakula. Mama Zuhura akaja na shati langu la Jumamosi, limelowa, akageuza mfuko wa kifuani juu ya sinia. Nati ikaanguka, ikazunguka mara mbili tatu, ikalala kando ya mchicha.

Mama akaitazama sana.

"Na kuku wangu je?" akauliza.