Shangazi, Waingereza Wamesalimiana

Shangazi mpendwa,

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba Waingereza wamesalimiana. Nimeshuhudia kwa macho yangu, mchana kweupe, katika bustani ya Isabella Plantation, ndani ya Richmond Park hapa London.

Jirani yangu nilishakusimulia: tukikutana mlangoni asubuhi, hupata kazi ya ghafla ya kutafuta kitu mkobani. Lakini ikifika mwisho wa Aprili, maua ya rododendroni na ndugu zao azalea yakafumuka, watu hawahawa wanafunguka midomo. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu, hatujuani hata kwa sura, alinishika mkono: "Umeshayaona ya bwawani?" Nikasema bado. Akaniburuta.

Na ya bwawani, shangazi, ni haki mtu aburutwe. Maji ni meusi na yametulia tuli. Vichaka vilivyoyazunguka vimejaa maua ya rangi ya waridi, ya zambarau na mekundu hata majani hayaonekani. Kisha yote unayaona tena ndani ya maji, kichwa chini miguu juu. Watu wamepanga foleni ukingoni kupiga picha, hakuna anayesukuma. Bwana mmoja alikuja na lenzi ndefu kuliko mkono wake, na ua lenyewe liko hatua mbili mbele yake.

Najua utauliza: yanaliwa? Hayaliwi. Yanauzwa? Wala, na kuchuma ni marufuku. Mbuzi wako akitafuna majani yake unaweza kumzika, maana yana sumu. Hata asali yake balaa. Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, askari wa Kigiriki wa Xenophon waliila kando ya Bahari Nyeusi, wakatapika, wakaharisha, wakashindwa kusimama. Walipata nafuu baada ya siku chache. Wataalamu wanayashuku maua haya. Na bado watu wanajipamba, wanapanda treni na basi, wanabeba chupa ya chai, waje kuyatazama tu! Mimi siwacheki. Ungekaa miezi mitano chini ya mbingu yenye rangi ya sufuria kuukuu, na Desemba jua linazama hata saa kumi haijafika, ungeusalimia hata mgomba.

Na maua yenyewe si ya hapa. Rododendroni nyingi za bustani asili yake ni Himalaya na China, na azalea maarufu za Isabella, zile za Kurume, mtafuta mimea Ernest Wilson alizitoa Japani karibu miaka mia moja iliyopita. Usidhani sisi tulisalimika. Mwaka 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul, mkuu wa wilaya hapo Tanga, alikiona kile kiua cha zambarau cha milima ya Usambara, mbegu zikapelekwa Ujerumani. Leo kimejaa madirisha ya Ulaya kwa jina la Saint Paul. Wasambaa hakuna aliyewauliza. Mama mwenye nyumba wangu anacho kimoja, anakinywesha maji kwa kijiko. Nilipomwambia hicho ni mtu wa kwetu, alinitazama nikaona ameanza kufikiria kodi.

Katika ukoo wa rododendroni yumo pia mkorofi mmoja, ponticum, aliyeletwa karne ya 18 kuwa pambo. Akaruka ukuta wa bustani, akajitwalia misitu. Kivuli chake kizito hakiachi mche mwingine uote. Huko Wales na magharibi ya Scotland wanamfyeka, wanamchoma moto, wanamdunga dawa shinani, naye anachipua. Ndiyo Uingereza hiyo: ndugu mmoja anapigwa picha, mwingine anapigwa panga.

Basi ukipata viza, njoo mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Kiingilio bure. Vaa sweta hata jua likiwaka, maana jua la huku ni la kuangalia tu. Na ukisalimiwa na mtu usiyemjua, itikia upesi: ikifika katikati ya Juni maua mengi yameshapukutika, na kila mtu amerudi kwenye simu yake.

Wasalimie wote, na mbuzi pia.

Mwanao,
London