Sombe ya Waajemi

Hapa Bunia, mkoani Ituri, mchuzi ukiwa wa kijani, ukiwa mzito, na ukiwa umekaa motoni tangu asubuhi, huo ni sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Hakuna mjadala. Unaweza kuleta vitabu, unaweza kuleta mashahidi, unaweza hata kuwaonyesha watu video ya bibi wa Tehran akikoroga sufuria yake. Watu wa mtaa wa Mudzipela watakusikiliza kwa adabu zote, halafu watakuuliza mawese umeyaficha wapi.

Bibi huyo wa kwenye simu ndiye aliyeniponza. Alikuwa anapika ghormeh sabzi, mchuzi ambao Wairani wakiwa ugenini huuota usiku: nyama ya kondoo, maharage mekundu, vitunguu, manjano, ndimu zilizokaushwa, na rundo la majani, yaani kotimiri, persili, puaro na majani makavu ya uwatu. Majani hukatwakatwa madogo sana na kukaangwa peke yake hadi yakaribie weusi, ndipo yaungane na nyama kwa saa tatu au nne za moto mdogo. Nikapiga hesabu. Majani tunayo. Maharage Ituri hayajawahi kutupungukia. Saa nne za moto mdogo ndio mwendo wa kawaida wa mbabula yetu, jiko la mkaa, hata tukiwa na haraka. Kilichobaki ni kondoo na vikorokoro vichache.

Kondoo wapo, tena wengi, wanachungwa pamoja na mbuzi hadi pembezoni mwa mji. Ila nyama yao haina wateja. Katika nchi za Maziwa Makuu kuna wanawake wengi ambao mila iliwakataza kondoo tangu enzi za bibi zao, na hata wasiokatazwa hawaoni sababu ya kuanza sasa. Mchinjaji wangu aliposikia ninachotaka alinitazama kwa huruma, akaingia ndani, akarudi na paja.

"Hii ni kondoo?"

"Kondoo mtupu, Mwalimu."

"Nionyeshe mkia."

Mkia wa mbuzi husimama, wa kondoo hulala. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

"Mkia umenunuliwa asubuhi, Mwalimu. Watu wanaugombania sana."

Sikubishana naye. Ukifuatilia historia ya kondoo, mchinjaji huyu si wa kwanza kucheza na vyeti vya kuzaliwa. Yule kondoo mwenye kichwa cheusi anayefugwa Kenya na Tanzania, ambaye wataalamu humwita Blackhead Persian, yaani Mwajemi, asili yake ni Somalia. Kama mnyama mzima anaweza kubadili uraia hivyo, paja moja la mbuzi nani alinyime viza?

Uwatu nilimwagiza yaya wangu, dada mkubwa, ambaye huenda Kampala kuchukua nguo za kuuza. Alinitafutia kwenye duka la Wahindi, na muuzaji akampimia majani makavu ya kijani katika mfuko wa plastiki usio na maandishi yoyote. Naomba msomaji auangalie mfuko huo kwa macho ya askari wa mpakani.

Askari aliufungua, akanusa, akamtazama yaya, akanusa tena.

"Mama, hii nini?"

"Mboga."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Anafanya kazi gani, huyo mdogo wako?"

"Anafundisha watoto."

Hapo mambo yakaharibika kabisa. Askari alichukua majani kidogo, akayatafuna, akaketi kusubiri. Yaya naye akaketi. Abiria wote wakasubiri. Baada ya muda mrefu, askari alipoona hacheki wala hasikii njaa, akaurudisha mfuko kwa huzuni ya mtu aliyedanganywa. Yaya aliponikabidhi hakunisalimia. Alisema tu, "Nunua lenga-lenga kama watu wengine."

Pwani mambo kama haya yalikuwa mepesi. Mwaka 1850, Sultani Seyyid Said alijenga hamamu kule Kidichi, Unguja, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Watalii hupelekwa huko mpaka leo kutazama mabirika. Mimi huwa nawaza habari za jikoni: mwanamke aliyelelewa kwa mapochopocho ya kikwao hawezi kuwa aliomba maji ya moto tu. Lakini yeye alikuwa na bahati ya bahari. Vitu vya Waajemi vilishuka jahazini hatua chache kutoka kasri. Kwangu vinashuka kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, katikati ya kreti la soda na kuku aliye hai.

Ndimu ndizo zilizokuja kwa raha, kwa sababu shemeji alikuwa amekwenda Dubai kununua mzigo. Nilimwagiza chaja ya simu na ndimu. Chaja alisahau.

Ndimu hizo mtu lazima azione. Huko Ghuba huzichemsha katika maji ya chumvi, kisha huzianika juani hadi zinakuwa nyepesi na ngumu, rangi ya kahawia inayoelekea weusi. Ukitikisa moja, mbegu zinagonga ndani. Ukiipasua, nyama yake imekauka na kung'aa kama lami, na inatoa harufu ya uchachu uliokaa kabatini miaka mingi. Kabla ya kuitia mchuzini unaitoboa, ili supu iingie ndani na uchachu utoke.

Nilikuwa nimezihifadhi kwenye bakuli, jikoni. Kwa bahati mbaya mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na mama mkwe akikutembelea huanza kwa kusafisha jiko. Nilipotoka shuleni nilizikuta jalalani nyuma ya nyumba, kuku akizichunguza. Nilipokuwa nimechuchumaa naziokota moja moja, nikasikia hatua za mtu nyuma yangu.

"Mkwe wangu," alisema polepole, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, "mshahara haujatoka?"

Ni kweli ulikuwa haujatoka, lakini hayo mawili hayakuhusiana. Nilimweleza yote, chumvi, jua, Ghuba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wanaziozesha kwa makusudi."

Siku ya kupika, mama muuza mboga sokoni aliniuliza kama nimefungua hoteli, maana mafungu ya persili yanayotosha mtaa mzima, ukishayakaanga, hayajazi kikombe. Niliporudi nikayaweka mezani, nikatafuta kisu kikali. Niligeuka kidogo tu kuwasha mbabula. Nikasikia kinu.

Mama mkwe alikuwa ameshayatwanga yote. Na kwa upande wake alikuwa na haki: majani ya mihogo yana sumu, kuyatwanga na kuyachemsha muda mrefu ndiko kumetuweka hai sisi sote. Nikamwambia haya hayana sumu. "Umeyajuaje?" akauliza, na mchi haukusimama.

Basi ghormeh sabzi yangu ikatoka uji wa kijani, laini, mzuri, na kwa macho ni sombe kabisa. Nilipoonja nilifurahi. Ule uchachu wa ndimu ulikuwepo, ule uchungu mdogo wa uwatu ulikuwepo, na mbuzi wa mchinjaji alikuwa amelainika akakubali uraia wake mpya. Wali niliupika kwa namna ya Wairani, nikaacha chini ugande rangi ya dhahabu, kisha nikaupindua kwenye sinia ukoko ukiwa juu, kwa sababu kwao ukoko ndio heshima ya mgeni. Mama mkwe aliutazama ukoko, akanitazama mimi, akauhamishia kwa watoto. Kwetu anayekula ukoko ni yule atakayeosha sufuria. Kisha akasonga bugali.

Wageni walikula wakashiba. Jirani mmoja alisifu sana. "Sombe nzuri," alisema, "imekosa mawese tu."

Ambacho bibi wa Tehran hakukisema ni kwamba uwatu hauondoki. Unakula leo, unatoka jasho nao kesho na keshokutwa. Darasani wanafunzi wa mbele walihamia nyuma, kisha wa nyuma wakafungua madirisha. Dereva wa moto aliyenibeba aliniuliza kwa upole kama nauza dawa za kienyeji, na kama ninayo ya mgongo.

Kiporo nilikikuta siku ya pili kimepata rangi ya machungwa. Mama mkwe alikuwa amekitia mawese. Ningependa kuripoti kwamba kiliharibika, lakini kiliisha kabla sijapata sahani.

Jumapili alitupikia samaki wa ziwani kutoka Tchomia. Mchuzi ulikuwa na uchachu fulani wa chinichini, mzito, usio wa nyanya wala wa ndimu mbichi, na nikajilamba vidole kabla sijaanza kushuku. Nikainuka kwenda jikoni. Bakuli lilikuwa tupu.

"Mama, zile ndimu zangu ziko wapi?"

"Zile?" akajibu, akimwongezea mjukuu wake bugali. "Zilikuwa zimeoza, mkwe wangu. Nimezitupa."