Farasi wa Mkonge

Pwani ya Tanga si nchi ya farasi. Mbung'o walilikata shauri hilo zamani, kabla ya Mjerumani na kabla ya reli: farasi aliyeletwa huku alishikwa na homa, akakonda, macho yakamtoka machozi, akaenda zake. Waliobaki na sisi ni punda, na baadaye baiskeli, ambazo tunazo za kumwaga. Ajabu ni kwamba mbung'o wenyewe tumewafuga. Miaka ya 1990 kituo cha utafiti hapa mjini kiliwalea kwa mamilioni, madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, kisha wakapandishwa ndege kwenda kumwagwa Unguja ili majike wa kule waolewe bure. Mwaka 1996 akanaswa mbung'o wa mwisho wa kisiwa kile. Mji uliofuga mbung'o kwa daftari na mishahara haujawahi, kwa kadiri ninavyoujua mtaa wetu wa Ngamiani, kufuga farasi hata mmoja wa kuazimwa harusini.

Lakini vichwani tunao. Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, alipanga majeshi na farasi wake barabara, na wasikilizaji waliozungukwa na mikoko wakayaona mavumbi. Kwa hiyo wapwa zangu wawili walipoteremka kwenye basi la Dar kuja likizo, mikononi wana daftari na dadu lenye pande ishirini walilopewa na binamu yao wa Maskati, na kitu cha kwanza walichodai kikawa farasi, sikushangaa. Damu haipotei.

Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja ni msimulizi, anasema mko wapi na mbele yenu kuna nini. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini. Dadu ndilo linaloamua kama umeruka mto au umeuangukia. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio waliouchapisha wa kwanza wa namna hii mwaka 1974. Unaweza kuucheza kwa mdomo mtupu, ila wapwa zangu ni watoto wa mjini, wanataka kuona. Wanataka vinyago: mashujaa, mazimwi, farasi, vyote vya kukaa kiganjani, vimepakwa rangi mpaka ukucha. Huko vinakotengenezwa, farasi mmoja wa vita ukimlipia na nauli ya posta, bora ununue punda mzima mwenye pumzi zake.

Msimulizi wetu, yule mpwa mkubwa, ndiye aliyeniokoa kwa habari moja. Ati baadhi ya mazimwi maarufu ya mchezo huo, likiwamo lile dubu lenye kichwa cha bundi, yalizaliwa kwenye pakiti ya wanyama wa plastiki wa bei chee kutoka Hong Kong, ambao Gygax aliwanunua dukani wakiwa hawaeleweki ni wanyama gani, akawapa majina na meno. Nikasema basi yamekwisha. Kama mwenye mchezo alianza na midoli ya bei ya kutupa, sisi wa mitumba tuna haki zaidi yake.

Ulimwengu wa kuchezea haukutusumbua. Wao walikuja na ramani ya milima ya barafu. Nikawauliza barafu ya nini, na nyumba ya pili kutoka hapa kuna watu waliosoma Kusadikika? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji huu, mwaka 1909, na kitabu chake kilitoka 1951. Nchi nzima inaning'inia angani. Kuna mfalme, kuna waziri aitwaye Majivuno, kuna wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema ya kufundisha, wakatiwa gerezani kwa shukrani. Mpwa mdogo aliposikia hilo la gereza akafungua daftari ukurasa mpya.

Basi wajumbe sita, farasi sita. Wauza midoli ya mitumba humwaga belo lao juu ya turubai, na siku tuliyokwenda fungu la farasi lilikuwapo. Si farasi wa Tambuka, lakini. Walikuwa wale ambao kampuni ya Hasbro ilianza kuwatoa miaka ya 1980: wa waridi, wa zambarau, wa rangi ya maziwa, macho makubwa kuliko kwato, kope zimekunjwa, nywele za nailoni zinaburuza chini, na kwenye paja kila mmoja ana chapa yake, huyu vipepeo, yule aiskrimu. Mmoja ana pembe. Mmoja ana mbawa. Mpwa mdogo aliwatazama kwa masikitiko makubwa.

"Anko, hawa watapigana na nani?"

"Hao wanakaa, bosi," muuzaji alimjibu badala yangu. "Hao wa Ulaya."

Kumgeuza farasi wa aina hiyo awe wa vita kuna utaratibu wake, na wa kwanza ni kichwa. Nywele zimeshonewa kwa ndani, kwa hiyo shurti kichwa kitoke, na plastiki yake laini haitoki ikiwa baridi. Unaitia kwenye maji ya moto, inalegea, unazungusha, inachomoka. Vijana wakachukua sufuria iliyokuwa karibu. Mama yangu alikuwa ametoka kuswali Adhuhuri, akasikia harufu asiyoielewa, akaja hadi mlango wa jikoni.

"Mnachemsha nini?"

"Vichwa, Bibi."

Alifunua mfuniko. Vijiuso vya waridi vilikuwa vinaelea, vinamtazama, vinatabasamu, kope zote mahali pake. Mama ni mtu aliyezika watu na kuzalisha watu, haogopi kitu kirahisi. Akaufunika mfuniko taratibu, akasema, "Sufuria hiyo ni ya uji wa futari. Mtanunua nyingine," akarudi kwenye mkeka wake.

Chapa za mapajani zilitolewa kwa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, tuliyoazima kwa dada wa saluni. Vipepeo vikatoka vizuri sana. Pembe nayo ikatoka, ingawa haikuombwa: ilikuwa ya plastiki ngumu, ya jamii nyingine, na asetoni iliigeuza kamasi. Mpwa mkubwa akachomeka mwiba wa mchongoma pale pale, na nadhani hata angepewa pembe ya dhahabu sasa hivi angekataa. Ule mwiba unachoma kweli. Farasi yule akigombania kitu mezani, anashinda kabla ya dadu.

Mwenye mbawa hakuleta mzaha. Picha za Buraki, yule mnyama mwenye mbawa aliyempandisha Mtume usiku wa Miraji, zilikuwa zikitundikwa ukutani nyumba nyingi za pwani, na Mama alikulia chini ya mojawapo. Alipomwona yule farasi mweupe amekunjua mbawa katikati ya farasi wa vita, hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyo mtoeni mezani." Hakuna aliyebisha. Mbawa zikakatwa kwa wembe adhuhuri ile ile, farasi akabaki wa kawaida.

Sasa rangi. Muuza vifaa vya ujenzi aliapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba rangi yake ya mafuta, ya kahawia, ya milango, ikipakwa asubuhi Alasiri imekauka. Kwa mlango, sina shaka. Lakini plastiki laini ina mafuta yake ya kuilainisha, na mafuta hayo hupanda juu kidogo kidogo, yakakutana na rangi, rangi haikauki. Haikauki leo, haikauki kesho, haikauki Idi hadi Idi. Farasi walipangwa barazani kwenye upepo wa bahari, na upepo ukawaletea kila ulichokuwa nacho: manyoya ya paka, unga wa maandazi ya jirani, mende mmoja mdogo aliyekufa kishujaa. Mpwa mdogo akasema wanaota manyoya wenyewe, tuwaache.

Mzee mmoja wa mtaani akaja kumjulia hali Mama. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi ikasimama. Akaketi barazani kwa dakika chache, wakaulizana za nyumbani, akanyanyuka kuwahi Magharibi. Farasi mmoja alipotea barazani na hakuna aliyemkosa mpaka mzee aliporudi baada ya sala, ameongozana na kijana wa safu ya nyuma. Kanzu ilikuwa na mnyama mzima wa kahawia sehemu ya kukalia, miguu minne, mkia, kila kitu, ametokea vizuri kuliko tulivyowahi kumpaka. Farasi mwenyewe alikuwa ameganda pindoni. Tulijipanga kuomba radhi, lakini mzee alikuwa na swali moja tu, maana safu nzima ilikuwa imebishana njiani.

"Hebu niambieni, huyu ni punda au mbuzi?"

Msimulizi wetu hakula usiku ule. Kanzu tuliifua kwa mafuta ya taa. Farasi wote wakasuguliwa upya kwa asetoni, na safari hii wakapakwa rangi ya maji, tabaka jembamba jembamba, ikashika siku hiyo hiyo. Nashauri yeyote mwenye midoli ya plastiki laini aanzie hapo na asisikilize viapo.

Nywele ndizo nilizozipigania mimi. Vijana walitaka kurudisha nailoni, waipake nyeusi. Nikasema haiwezekani, si katika mji huu. Daktari Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja vya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Vilipofika vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, vilivyokuwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba yote hayo, reli ikapata mzigo, bandari ikapata meli, babu zetu wakapata migongo iliyopinda. Na mjukuu wa mkata mkonge aagize nywele za farasi kutoka kwenye nailoni ya Mmarekani? Nikaleta fungu la katani. Tuliichana kwa kitana, tukailoweka kwenye majani ya chai ishike wekundu, tukaishindilia shingoni kwa gundi ya pancha.

Katani hailali. Uipige kwa jiwe, uilowanishe, uifunge kitambaa usiku kucha, ukifungua inasimama pale pale. Farasi wote sita walitoka wanaonekana kama waliopigwa na shoti ya umeme wakati mmoja. Mimi niliona ukali wa vita. Fundi baiskeli wa kona, tuliyemwendea kwa ajili ya mikuki, aliwageuza mmoja mmoja mkononi, akauliza kama ni ugonjwa.

Lakini mikuki alitukatia mizuri: njiti za ringi kuukuu, ncha zimesagwa kwenye jiwe la kunolea, na bei hakutaka, alitaka aelezwe mchezo. Wapandaji walikuwa askari wa kijani wa plastiki waliokuja na lile fungu, wale wa kupiga magoti, kwa kuwa waliosimama hawaketi juu ya mnyama. Fundi akaona kasoro ambayo sisi tulikuwa tumeamua kutoiona: askari amefika magotini mwa farasi. Hata kumpanda atapandia ngazi.

"Kusadikika farasi ni wakubwa," mpwa mdogo alisema.

"Sawa," alisema fundi. "Na breki je?"

Adui wa kwanza hatukumtafuta mbali. Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Waingereza alishusha hapa askari wapatao 8,000 waliotoka India. Von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa nao kama 1,000. Katikati ya risasi nyuki wakatoka mizingani, wakauma bila kuuliza bendera, na Waingereza wakarudi melini. Mji wenye historia hiyo unahitaji zimwi la nini? Tulichora mistari myeusi kwenye mbegu za ubuyu, zikawa nyuki, kundi zima. Usiku wa kuamkia mchezo mtoto wa jirani akaingia sebuleni na kulimung'unya jeshi karibu lote. Wachache waliobaki ndio waliopigana.

Tulidhani Mama atalikataa dadu. Aliligeuza, akahesabu pande, akasema dadu lake la ludo lina pande sita na linamtosha kumfunga mtu yeyote mtaani, hili la ishirini ni uroho, kisha akauliza yeye ni nani. Kusadikika aliisoma shule ya kati, anaikumbuka kuliko mimi. Akapewa ujumbe wa mbinguni na farasi wa mwiba. Alivuka nyuki kwa kumi na tisa, akamlaghai bawabu wa mawingu kwa salamu ndefu, akarudi nchini na habari njema. Msimulizi akasafisha koo.

"Bibi, ukifika mpakani askari wanakukamata. Unapelekwa gerezani."

"Kwa kosa gani?"

"Ndivyo kitabu kilivyo."

"Mie nakuuliza kosa, wewe waniambia kitabu." Akasogeza farasi wake mbele ya ngome. "Aliyetoa amri ni nani? Majivuno? Mleteni."

Waziri hatukuwa naye. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu angemwita. Mpwa mdogo akakimbilia kwenye kopo la mabaki, akarudi na kichwa cha waridi cha farasi wa ziada, kilichopasuka shingo kule kwenye sufuria, hakikuwa na kiwiliwili tena, akakisimamisha katikati ya meza juu ya kifuniko cha soda. Kinatabasamu. Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa.

"Mheshimiwa Waziri," alianza, na alipomaliza hoja ya kwanza ilikuwa imepita saa nne usiku, fundi baiskeli amesimama dirishani anamwitikia, na msimulizi wetu anaomba ruhusa ya kwenda msalani akikatazwa mpaka serikali ijibu.