Baka Langu, Aibu Yenu

Katika Mji Mkongwe mtu haruhusiwi kuumwa peke yake. Ukikohoa Mkunazini, kufika Malindi ushaandikiwa dawa, na njiani kuna aliyekwisha kukutafutia mke wa kukuuguza. Sasa mie nina barasi, au mbalanga kwa wenzetu wa bara: mabaka meupe mikononi, na jengine limekaa pembeni mwa mdomo. Haliumi, haliwashi, haliambukizi. Tumezoeana miaka mingi. Wanaoumwa ni wanaonitazama.

Pale Jaws Corner kwenye kahawa, kila mwenye kikombe ni daktari wa ngozi. Mmoja kaniletea habasoda kwenye kijaluba. Mwengine kaniambia nilikula samaki nikashushia maziwa, na hiyo ndiyo hukumu ya zamani ya pwani yote, kwamba samaki na maziwa vikikutana tumboni vinatokea kwenye ngozi. Yakhe, kisiwa kizima kinakula samaki na chai ya maziwa inauzwa kila pembe. Ingekuwa kweli, Unguja nzima tungekuwa madoadoa. Yupo wa tatu ambaye hasemi kitu, ila kikombe nilichonywea anakishika kwa ncha za vidole. Huyo ndiye bingwa wao.

Waliosomea wanasema kinga ya mwili inazigeukia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuziua. Basi. Samaki hamo, jini hamo, wala jicho la jirani halimo. Mweupe yanampata na mweusi yanampata, ila kwetu sie yanaonekana tokea ng'ambo ya pili ya barabara. Michael Jackson alimwambia Oprah Winfrey mwaka 1993, mbele ya dunia nzima, kwamba ni maradhi. Watu wakasema mwongo huyo, anajichubua. Ilibidi afe, apasuliwe, ripoti iandikwe, ndiyo wakaamini. Alikufa 25 Juni 2009, na tarehe hiyo sasa ndiyo siku ya barasi duniani. Watoto wa mtaani kwangu wananiita Maiko. Nimewaachia. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo, na yule angalau alijua kucheza.

Maisha yangekwenda hivyo hivyo lau marehemu kaka yangu asingeacha binti, binti asingepata mchumba, na walii nisingekuwa mie. Walii, kama hujawahi kuozesha, kazi yake ni kukaa goti kwa goti na bwana harusi, kumshika mkono, na kusema maneno yanayotakiwa. Mpiga picha hana haja na uso wa walii. Anataka ule mkono. Mkono juu ya mkono, kanzu mbili nyeupe, na kabla sheikh hajamaliza dua picha ishafika Maskati, Dubai na London. Na mkono wenyewe ndio huu.

Wanawake wa nyumbani wakakaa kikao. Mie sikualikwa, nililetewa uamuzi tu: "Ami, utapakwa."

Nipakwe nini? Mekapu. Wakaapa kuwa si ile ya kujirembea. Hii ni maalumu, ya kufichia makovu na mabaka, hata wanaume wanapaka, hata hospitali za Ulaya wanafundisha. Na kwa haki ya Mungu hapo hawakusema uongo. Marekani kulikuwa na bibi mmoja, Lydia O'Leary, aliyezaliwa na baka jekundu usoni. Alijitengenezea krimu yake akaiita Covermark, na mwaka 1932 serikali ikampa hataza. Uingereza, Msalaba Mwekundu walianza mwaka 1975 kuwafundisha watu kujipaka krimu za namna hii, na mwaka 2011 kazi hiyo wakaikabidhi kwa shirika linaloitwa Changing Faces. Kwa hiyo ni kitu chenye nasaba. Mie ugomvi wangu si na krimu.

Siku ya harusi akaja mpambaji na sanduku linaloweza kubeba vyombo vya fundi bomba. Akanishika mkono, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Ami, wewe rangi gani?"

Katika kisiwa hiki swali hilo lina historia yake, na haikuwa nzuri, kwa hivyo nilinyamaza. Akaanza kunijaribishia. Kila rangi ina jina la kitu cha kuliwa: asali, karameli, kahawa, chokoleti. Ya halua hakuna, na halua ndiyo ningeitambua. Ya kwanza ikanitoa majivu. Akanieleza kuwa krimu nyingi zinatiwa unga mweupe wa titani ili zizibe vizuri, na huo ukizidi, ngozi nyeusi inageuka kijivu, na kamera ikipiga mwangaza ndiyo balaa kabisa. Iman, yule Msomali aliyekuwa mwanamitindo, alifungua kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa sababu wenye ngozi zetu walikuwa hawapati rangi yao madukani. Rihanna akaja na Fenty Beauty mwaka 2017, rangi 40 kwa mpigo, dunia ikapiga makofi. Rangi 40! Mkono wangu mmoja peke yake una nne: juu umeungua jua, kiganja mbali, kati ya vidole mbali, na baka. Halafu jua la kaskazi likija, ngozi inaiva na baka linabaki vile vile, kwa hiyo rangi uliyonunua wakati wa masika inakukataa Januari. Kwa pesa ya kikopo kile kidogo ningekula pweza mwezi mzima.

Bibi yetu mmoja, mtu mzima kweli kweli, akatoa rai kutoka kwenye mkeka: kwa nini asipakwe hina, mambo yakaisha? Na hakusema ovyo. Hina inaingia kwenye ngozi, haiweki utando juu yake, na maji ya udhu yanafika. Ubaya wake ni kuwa kwenye baka jeupe inatoka rangi ya chungwa, na bwana harusi asingeozeshwa na walii, angeozeshwa na embe. Kijana mmoja akataja piko. Nusura mpambaji amrushie brashi. Piko ya siku hizi ni rangi ya nywele ya unga, ndiyo ile wanayochorwa watalii kule Nungwi na Paje, wengine wakarudi kwao na malengelenge yenye umbo la pomboo, na malengelenge yakawaachia kovu lenye umbo la pomboo. Zaidi ya hapo, dawa iliyomo ndani yake inaweza kuiua rangi ya ngozi kabisa. Yaani unakwenda kuficha barasi, unarudi na nyengine. Mkorogo nao una kesi hiyo hiyo, na juu yake zebaki.

Nikasalimu amri. Krimu yenyewe, nikiri, ni fundi. Inapigwapigwa kwa kidole, haisuguliwi. Nyembamba, halafu nyembamba tena. Ikishakaa inamwagiwa poda, unaambiwa usipumue sana, kisha poda ya ziada inafagiwa kwa brashi laini. Kovu jekundu linatangulizwa kijani, kovu jeusi linatangulizwa rangi ya chungwa, ndipo ije rangi ya mtu mwenyewe. Baka jeupe halitangulizwi kitu. Nilipotazama, mkono ulikuwa mmoja tangu kucha hadi kifundo, mkono wa mtu nisiyemjua.

Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akaufungua mtandio kidogo. Shingoni hadi chini ya sikio sikuona kitu, mpaka akanionesha mwenyewe, kwa kidole, mpaka wa kovu la mafuta ya moto. "Mie, ami, sifichi," akasema. "Nimechoka kuhadithia. Kila nikipanda daladala ya Bububu nahadithia lile sufuria tokea mwanzo, na kituo kinachofuata kapanda mwengine, nianze upya. Siku nikijipaka nasafiri na mawazo yangu."

Hilo nimelifikiri sana. Mtoto wa watu ananunua krimu ghali, anaamka kabla ya alfajiri, anajipiga poda, ili abiria wasimuulize kitu kisichowahusu. Anayelipa ni yeye. Abiria hawajachangia hata shilingi.

Pahala pamoja watazamaji waliwahi kuchangia. Wakati wa vita vikuu vya pili kulikuwa na mji Uingereza unaitwa East Grinstead. Marubani waliokuwa wakiungua ndegeni walipelekwa hospitali ya hapo, kwa daktari Archibald McIndoe, akawashona nyuso upya. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe wakaunda chama chao wakakiita Guinea Pig Club, kwa kuwa walijijua ni wa kufanyiwa majaribio. Ila huyu McIndoe hakuishia kwenye nyuso zao. Aliwageukia wenyeji: wakaribisheni majumbani, kaeni nao, msiwakodolee macho. Mji ukaitika, mpaka ukajulikana kwa jina hilo, mji usiokodoa macho. Nimejaribu kuliwaza jambo hilo hapa kwetu, likanishinda. Vichochoro vyetu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, kila ukuta una baraza, na kila baraza ina wazee waliokuja hapo kutazama. Hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Ukiwaambia wasitazame utakuwa umewafungia ofisi.

Turudi kwenye mkono. Krimu hii haipiti maji. Hilo ndilo wanalojisifia walioitengeneza: unaogelea nayo, mvua inakunyeshea, jasho linakutoka, ipo. Sasa mtu anayesali mara tano kwa siku aende nayo wapi? Maji ya udhu lazima yafike kwenye ngozi. Mpambaji, ambaye kwa fatwa za mekapu hana mpinzani, alikuwa ameshatoa njia tangu mapema: "Tia udhu kabla sijakupaka, ami. Sali Adhuhuri, nikupake, halafu uushike udhu wako mpaka Alasiri na ndoa ipite."

Uushike! Kwa kijana ni jambo jepesi. Mie asubuhi ile mke wangu alinipikia mbaazi za nazi.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Joto la kisiwa hiki mnalijua, halina upepo wala huruma, na chini ya krimu ngozi ikaanza kulalamika. Nilifahamu hali ya ukuta wa Kiponda, ule wa mawe na chokaa uliozoea kupumua tangu enzi za masultani, wakaja watu wakaupiga saruji ili upendeze. Unyevu unajifungia ndani mpaka siku plasta inabambuka yote. Biriani ikaletwa. Mkono wa kulia umepambwa, kwa hivyo nikapewa kijiko. Jamaa kutoka Bumbwini hawakuliona baka, ila kijiko walikiona, na wakakizungumza. Mtu mzima anakula biriani ya harusi kwa kijiko, kwani kafanya nini? Na muda wote huo nimekaa wima, sicheki, sikohoi, sijipindi. Watu wakasema walii ana haiba. Hawakujua ninashika nini.

Adhana ya Alasiri ikitoka, tukiwa mlangoni mwa msikiti, mbaazi zikashinda.

Nikaenda kwenye hodhi pamoja na wengine. Maji yakanifika mkononi yakajikusanya matone, yakateleza yakaondoka zao. Nikasugua. Hakuna. Nikasugua mdomo. Hakuna. Vijana wa upande wa bwana harusi wakaacha miguu yao na kunitazama mzee ninavyojikwangua. Krimu hii inatoka kwa mafuta tu, kwa hivyo mtoto akatumwa mbio dukani akalete mafuta ya nazi, na muuza duka, kwa kuwa ni mtu wa Mji Mkongwe, hakuyatoa mpaka aambiwe yanakwenda kufanya nini msikitini. Nikajipaka mafuta, nikajisugua kwa leso, nikaomba sabuni nikayakosha mafuta, ndipo nikatia udhu. Rakaa ya kwanza ilinipita. Leso ikageuka rangi ya karameli na haijatakata mpaka leo.

Kwa hiyo niliozesha kwa mkono wangu mwenyewe, mabaka yote mahala pake, unang'aa kidogo kwa nazi. Bwana harusi aliushika vizuri tu. Maskini, alikuwa na lake: alitetemeka mpaka mkono wangu ukatetemeka, akaogopa asije akasahau kusema amekubali. Hakuona baka wala hakuona walii. Sidhani kama aliniona mpaka tulipopeana halua.

Wanawake nyumbani walikasirika, hasa mke wangu, ambaye mbaazi zake hakuzitia kwenye hesabu ya lawama. Kisha picha zikaja. Mpiga picha, bila kuombwa na mtu, kazipitisha zote kwenye filta ya kompyuta yake. Ndevu za sheikh zimekolea weusi. Ndugu yangu mwengine, mwenye makunyanzi ya halali kabisa ya miaka 70, katoka uso wa yai. Na mkono wangu ni laini, rangi moja mpaka kwenye kiwiko, hauna mshipa wala kucha iliyopinda. Mdomo safi, mvi hakuna. Jamaa wa Maskati wakapiga simu usiku huo huo. Harusi wameipenda, bi harusi wamemsifu. Wakauliza: yule kijana aliyekaa pahala pa Ami ni nani?

Nikawajibu ni mtoto wangu wa nje. Mke wangu alikuwa nyuma yangu anapepeta mchele, na tangu hapo najipakulia mwenyewe.