Mkwe Haingii Chumbani

Kivinjari ni programu inayomwezesha mtumiaji wa kompyuta kufungua na kusoma kurasa za intaneti, na jina lake limetokana na kitenzi kuvinjari, ambacho zamani kilitumika kwa chombo kinachozunguka baharini kikiwa doriani, kikichungulia huku na huku bila kutia nanga popote. Waliolichagua jina hilo walipata zaidi ya walichotafuta, kwa sababu nusu ya manung'uniko ya watumiaji inatokana na tabia hiyo hiyo: kivinjari hukaa ndani ya kompyuta mchana kutwa, lakini hakijawahi kukubaliwa kuwa mwenyeji wake. Mwenyeji ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, printa, kipanya na skrini, na baraza yake ni eneokazi, ile sehemu yenye picha ya nyuma, aikoni na mafaili ambayo mtu huikuta mara tu mashine inapowaka. Katika saiba (vibanda vya intaneti) za Malava, mji wa eneo la Kabras, magharibi mwa Kenya, ulio kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, hakuna anayesema kivinjari wala eneokazi. Husemwa brauza na desktopu, na mwenye kuyatumia maneno ya kamusi pale huulizwa kwa heshima kama ni mwalimu.

Uhusiano wa vitu hivi viwili huenda ukaeleweka upesi zaidi Kabras kuliko katika vitabu vya sayansi ya kompyuta, kwa kuwa ni uhusiano wa ukwe. Kwa desturi ya Waluhya, Wakabras wakiwamo, mwanamume na mama mkwe wake huishi kwa heshima yenye umbali: hawapeani mikono ovyo, hawakodoleani macho, na mkwe anayekuja kutembea hukaribishwa sebuleni, akachinjiwa kuku na kusifiwa jinsi anavyoitunza familia, lakini hata mvua inyeshe ya mawe, hakanyagi chumba cha wakwe zake. Akihitaji kitu kilicho ndani, huletewa na mtu wa tatu. Wataalamu wa kompyuta wanao mpango wa namna hii na wanauita sanduku la mchanga, wakimaanisha uzio ambamo programu huachwa icheze bila kugusa mali ya nyumba, na kivinjari cha Chrome kilipotolewa Septemba 2008 kilikuja na uzio huo tangu siku ya kwanza. Mfano wao si mbaya, ila mtoto anayecheza mchangani hana haya ya kumlinda, ilhali mkwe anayo, na tena mkwe anajua vizuri kwamba chumba kipo na kwamba anachokitaka kimo humo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1997 kampuni ya Microsoft ilitoa kivinjari cha Internet Explorer 4 pamoja na kitu kilichoitwa Active Desktop, ambacho kiliuwezesha ukurasa wa intaneti kutandazwa juu ya eneokazi mahali pa picha ya nyuma, na mwaka uliofuata mfumo endeshi wake wa Windows 98 ukaingia sokoni kivinjari kikiwa kimeshonewa ndani yake kama mfuko wa suruali. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani Mei 1998 ikidai kwamba ndoa hiyo ilikusudiwa kuwaharibia posa wengine, hasa Netscape, kivinjari kilichokuwa kikishindana nacho. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamuru mwaka 2000 kampuni ikatwe vipande viwili, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikaitengua amri hiyo. Mawakili walikula vizuri. Hata hivyo, kilichowarudisha wakwe sebuleni si mawakili bali wezi, kwa maana ActiveX, teknolojia iliyoanzishwa mwaka 1996, iliuruhusu ukurasa wa mbali kuendesha programu kamili ndani ya mashine ya msomaji mradi tu msomaji abofye ndiyo, na binadamu aliyeketi mbele ya skrini akitaka kuona picha hubofya ndiyo hata kama swali ni la kuuza shamba la babake.

Ndipo ukaimarishwa utaratibu wa kumtumia mtu wa tatu, ambaye katika kompyuta ni dirisha la kuchagua faili. Ukurasa unaotaka picha ya mtu hauruhusiwi kuingia katika folda zake kuitafuta. Hubisha hodi kwa kivinjari, kivinjari kikamwomba mfumo endeshi, mfumo endeshi ukafungua dirisha lake wenyewe, na mtumiaji akaonyesha kwa kidole kile kinachotolewa nje. Mshenga huyu ni mwaminifu kwa nyumba kiasi cha kusema uongo kwa niaba yake. Ukurasa ukiuliza faili limetoka wapi, karibu vivinjari vyote vya leo hujibu kwamba limetoka C:\fakepath, njia isiyokuwapo katika kompyuta yoyote duniani, iliyotungwa ili jina la mwenye mashine na mpangilio wa folda zake visijulikane nje, na iliyoachiwa umbo la anwani ya Windows kwa sababu kurasa za zamani zilikuwa zimezoea kupewa anwani ya namna hiyo na zingekwama bila hiyo. Jibu hilo hilo hutolewa hata na kompyuta isiyo ya Windows na isiyo na diski ya C, jambo ambalo mtu akilifanya kwa chifu hawekwi huru upesi.

Yapo mambo ambayo mwandishi wa insha hii, aliye mteja wa kudumu wa benchi la saiba moja mjini Malava, ameyaona kwa macho yake, na la fakepath ni mojawapo. Mama mmoja aliyefika kumjazia bintiye fomu ya kuomba nafasi ya chuo aliona maandishi hayo karibu na kitufe, akayanakili kwa kalamu nyuma ya risiti ya mbolea, na alipoambiwa baadaye kwamba picha ya binti haikuwa imefika, aliitoa ile risiti kama mtu anayetoa hati ya shamba.

"Kijana wangu, iko fakepath. Fungua tu hapo."

"Mama, hakuna folda kama hiyo."

"Ilikuwako asubuhi. Nani ameifuta?"

Mhudumu, kijana mwenye subira ya daktari wa mifugo, aliitafuta kwa dakika kumi, kwanza kwa ajili ya mama na hatimaye kwa ajili ya nafsi yake, maana yeye pia alikuwa ameliona jina hilo mara nyingi na hakuwahi kujiuliza liko wapi. Wateja wengine wawili walisogea kusaidia. Mmoja alipendekeza kompyuta izimwe na kuwashwa.

Njia fupi ingekuwa kuburuta na kudondosha, yaani kulikamata faili kwa kipanya kutoka eneokazini na kuliachia juu ya ukurasa, ufundi ambao kanuni zake zilibuniwa kwa ajili ya Internet Explorer 5 mwaka 1999 kisha zikaingizwa katika HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti. Ufundi huu hufanya kazi vizuri sana pale unapofanya kazi. Ukurasa ulioandaliwa kupokea faili hulipokea. Ukurasa usioandaliwa hauna habari, na kivinjari, kwa kuona faili limeanguka mlangoni bila mwenyewe, huamua kwamba mtumiaji alitaka kulitazama, hulifungua, na katika vivinjari vingi kwa miaka mingi kililifungua mahali pale pale palipokuwa na fomu. Mtu aliyekwisha kujaza jina, namba ya kitambulisho, kata, tarafa, shule ya msingi, shule ya upili na majina ya wazazi kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, hudondosha picha yake ya pasipoti na papo hapo fomu nzima hutoweka, pakabaki uso wake mwenyewe umejaa skrini, ukimtazama kwa umakini ule ule aliouvaa studioni. Ni vigumu kutunga adhabu yenye kejeli kubwa zaidi ya hiyo. Kosa hilo halina msamaha wa kitufe cha kurudi nyuma, kwani mara nyingi fomu hurudi ikiwa tupu, na mteja hurudi nyumbani akiwa vivyo hivyo.

Uchapishaji una masaibu yake. Amri ya kuchapisha ikitolewa ndani ya programu ya kawaida, dirisha linalofunguka ni la mfumo endeshi au linalofanana nalo, lakini Chrome ina dirisha lake yenyewe, lenye orodha yake ya mahali pa kupeleka kazi, na katika orodha hiyo printa halisi huketi bega kwa bega na chaguo la kuhifadhi kama PDF, ambayo ni aina ya faili linalotunza sura ya ukurasa bila kuhitaji karatasi. Kivinjari hukumbuka chaguo la mwisho. Mteja wa saa tatu akihifadhi barua yake kama PDF ili aitume kwa simu, mteja wa saa tatu na dakika tano anayetaka karatasi kwa shilingi kumi ataona amri ikikubaliwa bila lawama na printa ikikaa kimya. Siku moja mzee mwenye kofia ya sufu alishuhudia mhudumu akiitingisha printa, akichomoa waya na kuurudisha, akilaumu stima, akifungua tumbo la mashine na kuukung'uta wino, huku kila baada ya jaribio akibofya tena chapisha na kulikubali bila kulisoma dirisha linalomwomba alipe faili jina. Karatasi haikutoka. Folda ya vipakuliwa, ambako kivinjari hutupa kila kinachoingia, ilikutwa na nakala saba za fomu ya mzee, kila moja ikiwa na namba yake katika mabano, zimejipanga chini ya nakala kumi na nne za vyeti vya watu wengine zilizoitwa cheti, cheti na cheti. Mzee aliuliza kama atalipia zote.

Itasemwa kwamba dawa ni kuviunganisha vizuri zaidi vitu hivi viwili, kivinjari kiache kujifanya nchi huru na kitumie milango ya mwenyeji wake, na watumiaji wamelidai hilo kwa miaka mingi na kwa maneno makali. Lakini waliolipata hawakufurahi, na ushahidi ni arifa. Arifa ni ujumbe mfupi unaojitokeza kwenye kona ya skrini, na kuanzia mwaka 2015 Chrome iliziwezesha kurasa kumtumia mtu arifa hata baada ya yeye kuzifunga, mradi aliwahi kubofya ruhusu. Mwaka 2018 ikaenda mbali zaidi kwenye Windows 10 kwa kuzipitisha arifa hizo katika mfumo endeshi wenyewe, kwa umbo, sauti na mahali pale pale panapotokea maonyo ya kompyuta. Huo ndio muungano uliokuwa ukililiwa. Matokeo yake ni kwamba tangazo la kamari lilivishwa koti la mwenye nyumba, na mtu akiambiwa kwamba mashine yake ina virusi thelathini hana namna ya kujua kama anayesema ni baba wa boma au mpita njia. Mwanzoni mwa 2020 vivinjari vya Firefox 72 na Chrome 80 vilianza kuyaficha maombi ya ruhusa, ikiwa ni kukiri kwa adabu kwamba swali lilikuwa limeulizwa mara nyingi kupita kiasi. Ruhusa zilizokwisha kutolewa zilibaki pale pale.

Katika saiba ile ya Malava ruhusa ilikuwa imetolewa na kijana aliyekuja kutafuta mahali pa kutazama mechi, akaondoka, na jina lake halijulikani. Wiki chache baadaye familia moja iliketi kwenye benchi kuandikiwa wasifu wa marehemu, ambao Kabras, kama kwingine Magharibi mwa Kenya, ni maandishi yanayosomwa mbele ya umati na kusahihishwa na mashangazi hadi usiku wa kuamkia mazishi. Mhudumu alikuwa akisoma kwa sauti kila sentensi aliyoichapa, na alikuwa amefika mahali pa kusema marehemu alikuwa mshiriki mwaminifu wa kanisa tangu ujana wake, sauti ya kengele ilipolia na kona ya skrini ikatangaza kwa herufi nene kwamba bahati imebisha hodi na bonasi inasubiri. Kwa mazoea ya mdomo, mhudumu aliisoma pia. Kimya kikatanda. Mjomba wa marehemu, aliyekuwa amefumba macho ili asikie vizuri, aliuliza kwa upole kama sehemu hiyo nayo itasomwa kanisani.

Habari ya ubao wa kunakili, yaani ghala dogo ambamo maneno yaliyonakiliwa husubiri kubandikwa, haihitaji maneno mengi. Programu za uandishi zinazofanya kazi ndani ya kivinjari mara nyingine huwa na menyu yenye neno bandika, na mtu akilibofya huelezwa kwamba kitendo hicho hakiwezekani kwa kubofya, ila akitumia vitufe viwili vya kibodi kitawezekana. Sababu ipo na ni ya haki, kwa kuwa ghala hilo laweza kuwa na nywila ya mtu, na ukurasa hauruhusiwi kulichungulia bila idhini. Lakini kumwandikia mkwe kwenye mlango kwamba aingie, kisha kumsubiri aguse komeo ndipo aambiwe apitie dirishani, ni mapokezi ya ajabu.

Mashine za saiba hiyo ni za umri wa makamo. Mbili kati yake zinaendesha Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutunza Januari 2020 na ambao Chrome iliuaga Februari 2023 kwa toleo la 110, hivi kwamba kivinjari hicho kimesimama kwenye toleo la 109 na kila kinapofunguliwa hutoa ukumbusho, kama jamaa anayetaja umri wa mwenyeji wake mbele ya wageni. Kwenye mashine nyingine nne, zilizo mpya kidogo, vipo vivinjari viwili vinavyogombea kuwa chaguo-msingi, yaani kile kitakachoitwa na mfumo endeshi kila mtu anapobofya kiungo nje ya kivinjari. Windows siku hizi haimkubali mchumba anayejiozesha mwenyewe; kila kimoja humpeleka mtumiaji kwenye mipangilio ili athibitishe, na kilichoshindwa leo hurudi kesho na swali lile lile, kikiwa kimepiga pasi shati. Mhudumu hufungua saiba, huwasha mashine moja baada ya nyingine, na kabla hajaagiza chai, huwa amekwisha kubofya "si sasa" mara nne.